Kisu Hakitoki Uchi

Temeke, Dar es Salaam
12 Januari 1953

Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Shikamoo Mama pia, maana najua amesimama nyuma ya kiti chako sasa hivi, anasoma kwa juu ya bega lako na ameshakutangulia mistari miwili. Sisi huku tu wazima. Joto la mwezi huu lingeweza kuivisha maharage bila kuni, lakini hakuna aliyelala kitanda cha ugonjwa. Mkweo Revelian yuko kazini, anaandika mizigo ya watu huko bandarini, jioni anarudi na wino mpaka masikioni. Anawasalimu sana.

Baba, nina neno na sitalizungusha. Alipita hapa mtu wa kwetu kutoka Bukoba, tukamkaribisha chakula. Tukiwa katikati ya ndizi akasema, "Kwenu kimya siku hizi. Hakuna nyundo." Nikamuuliza kama unaumwa, akasema hapana, alikuona unapalilia migomba na nguvu zako zote unazo.

Kama ni msiba wa baba mdogo Gaspar, naelewa, hata mimi nilimlilia huku peke yangu. Lakini mwaka umekwisha, na wewe si mtu wa kukaa bila masizi mikononi. Niambie ukweli, usinifiche kama mtoto. Kwa nini umezima moto?

Binti yako,
Auleria


Kanyigo, Bukoba
6 Februari 1953

Mwanangu Auleria,

Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo. Mama yako kweli yuko begani kwangu, na anasema uache kumsengenya kwenye karatasi. Tuko salama. Mvua imenyesha vizuri, migomba imebeba, magoti yangu yanalalamika lakini yanatembea.

Umeuliza, nami nitakujibu kwa kirefu, maana siku hizi nina nafasi ya kuandika hata kurasa kumi. Mhunzi asiye na moto hugeuka karani. Usimwambie Revelian.

Nyumba yetu unaijua ina desturi yake. Kisu hakitoki uchi kwa mhunzi. Babu yako hakutoa kisu bila ala, wala kishoka bila kofia ya mdomo wake, nami sikupata kutoa. Tena mkono unaofua chuma haushoni ala yake, na anayefua haruhusiwi kutazama inaposhonwa. Ndiyo maana baba yako mdogo na mimi tulifanya kazi tumepeana migongo, mimi na fuawe yangu, yeye na ngozi zake, tangu ujana wetu mpaka Mungu alipomwita. Wapita njia walidhani tumegombana. Hatukugombana hata siku moja. Nikimaliza kisu nilikuwa nakipitisha nyuma bila kugeuka, na baada ya siku kadhaa kinarudi kimevaa.

Sasa nikipitisha nyuma hakuna wa kupokea. Visu vimening'inia ukutani uchi, na vishoka pia, nami naona haya kuviangalia. Mwenye duka mmoja wa mjini alinishauri nivifungie kwenye magazeti. Magazeti! Nilimpa kahawa ya kutafuna, nikamsindikiza mpaka njiani ili nihakikishe amekwenda.

Yuko mhunzi wa Ihangiro, Gozbert, jina lake umelisikia. Ni hodari, na ana mwanawe wa kumshonea. Amekuja kuomba mivukuto inayopuliza moto wetu, na nyundo za babu yako. Nimemwambia nitampa masika yakiisha. Heri vyombo vilie kwa mwingine kuliko kuota vumbi kwangu. Wala usihuzunike. Migomba nayo ni kazi.

Baba yako,
Alfonsi


Temeke, Dar es Salaam
25 Februari 1953

Baba mpendwa,

Shikamoo. Milele, amina. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na magoti yako yameacha kulalamika. Mimi afya ninayo, ila moyo haujatulia. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikalia. Nikaisoma tena nikakasirika. Sasa machozi yamekwisha, hasira imebaki, na hasira hii unajua nimeirithi kwa nani.

Mtaani kwetu yupo Mzee Mwinjuma, mwenyeji wa hapa hapa Temeke, mshona makubadhi, viatu vya ngozi vya watu wa pwani. Mkewe ni Bi Chausiku. Yeye anakata, mke anashona, na kwa maneno mke ndiye mkubwa. Nilipomaliza kuisoma barua yako nilijifunga kanga, nikaenda barazani kwao nikasema, "Mzee, nataka kujifunza kushona ala za visu."

Mzee Mwinjuma akaniangalia kwa juu ya miwani. "Mke wa karani? Karani kakukosea nini?"

Bi Chausiku akaangua kicheko. "Mwache mwanamke wa watu ajifunze! Nyie wanaume mkitaka visu mbona hatuwaulizi mnataka kumchoma nani?"

Basi ndivyo nilivyopata walimu. Siku ya kwanza nilikitoboa kidole kuliko ngozi, mpaka Bi Chausiku akaniambia, "Mwanangu, ngozi ya ng'ombe hii hapa. Ile ni yako." Lakini mkono ukakubali, nikashona ala ya kisu chetu cha jikoni. Nilikunja ngozi, nikashona ukingo, ikapendeza macho. Revelian, unamjua kwa majivuno, akaifunga kiunoni Jumapili tukienda Kinondoni kumtembelea wifi yangu Benedicta. Baba, hatukuwa tumefika nusu ya njia makali yakawa yameshakula uzi. Kisu kikatoka ubavuni mwa ala, na kila hatua kikawa kinaipasua kaptula yake ya ofisini kidogo kidogo. Aliingia kwa dada yake ameshika nyuma kwa mikono miwili, anaamkia watu kwa kichwa. Namshukuru Mungu iliumia kaptula peke yake.

Niliporudi Mzee Mwinjuma akanifundisha kosa langu. Makali hayatakiwi kuugusa uzi. Unatia ukanda wa ngozi katikati, upande wa makali, ndipo unashona ngozi zote tatu pamoja. Makali yanauma ukanda, uzi unasalimika. Alisema, "Ukanda huo ni kama mshenga. Kaa katikati, maneno yote uyapokee wewe."

Kwa hiyo Baba, nipe kazi. Nitumie kisu kimoja na kishoka kimoja, na uniandikie baba mdogo alikuwa anafanyaje. Na Gozbert asipewe kitu.

Binti yako,
Auleria


Kanyigo, Bukoba
18 Machi 1953

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa kidole. Mpe mkwe wangu pole ya kaptula. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaenda kuwasimulia majirani, kwa hiyo Revelian akija likizo asishangae watu wakimwangalia nyuma. Hatujambo sote.

Niliwauliza wazee wawili wa hapa kama mwanamke anaweza kushona ala za nyumba yetu. Wakakuna vichwa. Nikawaambia, desturi inamkataza anayefua asitazame. Haikusema anayeshona awe na ndevu. Wakaulizia kibuyu cha rubisi, nikajua nimeshinda. Tena wewe uko Temeke. Hata nikigeuka sitakuona, desturi itakuwa imetimia kuliko wakati mwingine wowote.

Sasa unauliza Gaspar alikuwa anafanyaje. Mwanangu, mimi sijui. Miaka yote ile sikuona kitu. Lakini nilisikia, na nilinusa, na hayo nitakupa. Kwanza maji, yanamwagwa, yanamwagwa tena. Halafu kimya kirefu. Halafu harufu ya samli. Halafu kwaru kwaru, kama mtu anayesugua chungu. Halafu kutafuna. Ndugu yangu alikuwa haachi kutafuna, ndiyo maana kila asubuhi nilimpa kahawa za kutosha siku nzima. Halafu tu, tu, tu, ya kutoboa. Mwisho alikuwa anaimba, lakini aliimba vibaya, sidhani kama wimbo ni sehemu ya kazi.

Nakutumia kisu na kishoka kwa mkono wa yule jirani yenu Shomari anayefanya kazi kwenye gari moshi. Kisu hiki nilikifua Gaspar akiwa hai, na kilikuwa kinamngoja yeye. Nimekifunga kwenye maganda ya mgomba pamoja na kahawa, maana kama kutafuna ni sehemu ya kazi, usije ukakosa.

Siku ya Pentekoste tutabatiza mtoto wa kaka yako. Watu watakuwa wengi, na Gozbert nimemwalika. Nataka nikitoe kisu kikiwa kimevaa mbele yao wote. Nikiweza hilo, mivukuto haiondoki.

Baba yako,
Alfonsi


Temeke, Dar es Salaam
20 Aprili 1953

Baba,

Shikamoo. Mama, shikamoo. Hali zetu njema, mvua za huku zimeanza na njia yote ya kwenda sokoni ni tope. Na wewe Baba utanisamehe kama mwandiko unatetemeka, ni kahawa zako. Nilitafuna tangu asubuhi nikishona, kama ulivyosema, mpaka moyo ukawa unapiga kuliko nyundo. Bi Chausiku akaniuliza, "Unatafuna nini siku nzima kama mbuzi?"

Nikamweleza kuhusu baba mdogo. Akanitazama kwa huruma, akafungua mdomo wake, akavuta kutoka shavuni uzi mrefu wa kano, umelainika kama mlenda. "Mie natafuna pia," akasema, "lakini natafuna uzi. Kano kavu haipiti kwenye tundu. Lazima uilainishe kwa meno."

Baba! Baba mdogo alikuwa anatafuna uzi! Sasa niambie, zile kahawa ulizompa kila asubuhi zilikuwa zinakwenda wapi?

Mengine tumeyatambua mimi na walimu wangu. Kimya kirefu ni ngozi inaloweka. Samli ni ya kukipaka kisu, unakifunga ndani ya jani, ndipo unaikandamizia ngozi mbichi juu yake mpaka ikubali umbo. Kwaru kwaru ni kusugua ngozi ing'ae, Mzee Mwinjuma anatumia kauri ya baharini. Maji ya kumwagwa nadhani alikuwa ananawa tu, alikuwa mtu msafi.

Kishoka kilitutoa jasho. Nilikishonea ngozi mbichi juu kwa juu, imebana vizuri, nikaianika. Ilipokauka ikakataa kutoka, maana mdomo wa kishoka ni mpana na shingo yake nyembamba. Mzee Mwinjuma akashika mpini, Revelian akashika ala, mimi nikamshika Revelian, tukavuta. Bi Chausiku yuko mlangoni anasema, "Mngoje, nawaletea na punda." Ikabidi tuipasue. Ya pili nimeiacha wazi nyuma, na vifungo viwili vya ngozi. Kisu kinachomolewa, lakini kishoka hufunguliwa vifungo kama mtu na koti lake.

Kabla ya kuvifunga nilivichongea vielelezo vya mbao, kwa ubao wa sanduku la chai, ili vipimo vibaki kwangu. Shomari anavileta. Baba, nimeishika ala hii mikononi, nimeinusa, nimejivuna peke yangu chumbani. Nakuomba uipende.

Binti yako,
Auleria


Kanyigo, Bukoba
30 Mei 1953

Auleria,

Sisi ni wazima. Salamu zinaishia hapo.

Kisu kilifika kimevaa, na sikuwahi kuona ala nzuri kama ile. Sikuthubutu hata kukichomoa. Nilikitundika ukutani peke yake, wageni wakiingia nawaonyesha kwa kidole. Siku ya Pentekoste, baada ya ubatizo, nikasimama katikati ya watu, nikamwita Gozbert asogee. Nikashika mpini. Kisu kikakwama. Nikavuta kwa nguvu, kikatoka chekundu, kutu kutoka ncha mpaka shingoni.

Kisha Gozbert akasema, "Mzee Alfonsi, binti yako amekivika kisu shuka la mgonjwa." Watu wakacheka. Mimi nikacheka nao, kicheko cha meno tu. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikakisugua kwa mchanga. Kimepona, lakini kimebaki na makovu. Kishoka nacho kina madoa. Kisu kile kilikuwa cha mwisho nilichompitishia ndugu yangu.

Na hilo la kahawa, mama yako amekiri. Gaspar alikuwa akimpelekea yeye jikoni, kila siku, naye alikuwa anazila na wifi zake. Naona kila mtu katika nyumba hii alikuwa na lake nyuma ya mgongo wangu.

Sikulaumu. Ulijaribu. Lakini nimechoka, mwanangu. Gozbert anakuja kuchukua mivukuto na nyundo mwisho wa Juni. Wewe baki na mumeo, mpikie, ngozi waachie wenyewe.

Mama yako anasema nisiitume barua hii. Naituma.

Baba yako


SIMU
Dar es Salaam, 9 Juni 1953

USITOE MIVUKUTO. NI CHUMVI. BARUA INAKUJA. AULERIA


Temeke, Dar es Salaam
22 Juni 1953

Baba mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo tena kwa ile ya simu ambayo haikuwa na nafasi, maana waliniambia kila neno lina bei yake. Tu wazima huku. Naomba Mungu barua hii ikukute nyumbani, na mivukuto ikukute nayo.

Barua yako niliichukua hivyo hivyo na machozi nikaenda kwa walimu wangu. Mzee Mwinjuma aliposikia habari ya kutu alivua miwani akaiweka chini. Bi Chausiku ndiye aliyenyanyuka, akachukua kipande cha ile ngozi kilichobaki, akakilamba.

"Chumvi!" akasema. "Mwinjuma, ngozi hii ina chumvi kama samaki ng'onda!"

Mzee akashika kichwa. "Zote zina chumvi. Kule tunakonunua wanazitia chumvi zisioze, ndivyo zinavyokuja. Mie tangu ujana nashona makubadhi, sijaona tabu yoyote. Mguu haushiki kutu."

"Sie watu wa pwani," mkewe akasema, "chumvi tumezaliwa nayo, hatuionji tena."

Hapo ndipo nilipoyakumbuka maji yako, Baba. Yanamwagwa, yanamwagwa tena. Baba mdogo hakuwa ananawa! Alikuwa anaiosha ngozi mpaka chumvi ya wachinjaji imalizike. Uliniambia hilo mwanzo kabisa, na mimi nikalipita. Masikio yako yalikuwa sawasawa, ubishi wangu ndio uliokipa kisu maradhi.

Lakini sikuweza kuosha kwa maji ya kisima chetu, maana visima vya Temeke navyo vina chumvichumvi, ungeosha mwaka mzima usimalize. Wifi yangu Benedicta ana mapipa ya mvua Kinondoni, nyumba yao ina bati. Basi Revelian, karani, na ile kaptula yenye kiraka, kila akitoka kazini anapanda baiskeli mpaka Kinondoni, anarudi na debe la maji nyuma, watu wanamwuliza kama ameachishwa kazi. Hakulalamika hata mara moja. Baba, ulinipa mume mzuri, na kama sikukuambia zamani nakuambia leo.

Tuliosha, tukamwaga, tukaosha. Kila ngozi ilipotoka majini tulilamba wote wanne tumejipanga barazani, na wapita njia wakasema Temeke kumeingia njaa. Revelian akashikilia kwamba bado ina chumvi, kumbe anaonja jasho lake mwenyewe lililomdondoka. Tulipokubaliana, nikashona ala ndogo, nikatia ndani misumari niliyoisugua ikang'aa, nikaiacha. Ilitoka inang'aa vile vile.

Umesema nimpikie mume wangu. Nampikia, Baba, na ameongezeka, utamwona. Lakini mchana sufuria ikiwa jikoni mikono yangu inataka ngozi. Ni kazi nzuri. Sijui kwa nini hakuna aliyeniambia mapema kwamba ni nzuri hivi.

Shomari anakuletea ala mpya nne, nimezifinyanga juu ya vile vielelezo vya mbao. Ya kisu kile chenye makovu nimeishona kwanza. Chukua kisu chako kinachong'aa kuliko vyote vya kipimo hicho, kivishe, kisha ukichomoe mbele ya Gozbert. Kikitoka na doa hata moja, mpe mivukuto, nami sitashika msharasi wa kutobolea ngozi tena maishani. Nimesema.

Binti yako,
Auleria


Temeke, Dar es Salaam
20 Julai 1953

Baba,

Shikamoo. Mama, shikamoo. Natumaini hamjambo. Naandika hivyo kwa kutumaini tu, kwa sababu sijapata neno lolote kutoka kwenu. Sisi huku wazima.

Shomari anasema mzigo aliukabidhi kwa mtu wa meli Mwanza kwa mkono wake, na mtu huyo ni mwaminifu. Sasa kila posta ikija Revelian anapita kuuliza, anarudi mikono mitupu, na kabla sijamwuliza anaanza kunieleza habari za mvua. Bi Chausiku ananiambia barua haina miguu. Mzee Mwinjuma yeye ananipa kazi nyingi ili nisifikiri, leo nimeshona makubadhi mpaka vidole vimekufa ganzi.

Baba, kama mivukuto imekwenda, niambie tu. Nitalia siku moja, kisha nitaacha. Kama kisu kilitoka na kutu, niambie pia. Hata ukiandika maneno makali nitayapokea, maana ninayajua. Kimya chako sikijui. Wewe ulikuwa unaniandikia kurasa na kurasa.

Tafadhali, hata mstari mmoja.

Binti yako,
Auleria


Kanyigo, Bukoba
3 Julai 1953

Mwanangu Auleria,

Marahaba. Hatujambo wote. Ala zako zimefika, zilifika siku moja kabla ya Gozbert. Alikuja na vijana wa kubeba mivukuto. Nikamwambia akae kwanza anywe rubisi, kisha nikashusha kisu ukutani, kikiwa kimelala usiku mzima ndani ya ala yako. Nikasema siku moja haitoshi, kaa nyumbani kwangu wiki, tukitazame kila asubuhi. Akakubali kwa ajili ya rubisi. Leo tumekichomoa, na

15 Julai

Samahani, nilikatizwa, chuma kilikuwa kimeiva. Nilikuwa nasema, kisu kilitoka kinang'aa, Gozbert akaiona sura yake kwenye bapa. Akaichukua ala, akaigeuza, akainusa. Nilikuwa nimeshamsomea barua yako. Basi mzee mzima na mvi zake akailamba! Halafu akanitazama akasema

9 Agosti

Nimepata barua yako ya kunisuta. Usinisute, hii hapa barua naandika tangu Julai, ila kila nikishika kalamu mkono unadai nyundo. Karatasi ina masizi, utanisamehe. Gozbert alisema nini hata nimesahau, nadhani alisema mwanawe aje Temeke kwako afundishwe. Nikamjibu asubiri zamu yake. Vijana wake waliondoka mikono mitupu, isipokuwa ndizi.

Visu vyote vilivyokuwa ukutani nimevichongea mbao za vipimo, Shomari anakuletea, ni fungu zima. Usiharakishe. Lakini harakisha kidogo. Kuna watu wanatoka mpaka ng'ambo ya mto Kagera wanangoja. Na hiki kishoka cha mwisho nilichofua juzi, mwanangu, hakijapata kutokea tangu nianze kazi hii. Kwa kweli jambo nililotaka kukuambia tangu mwanzo ni moja tu, kwamba nina furaha. Nilidhani imekwisha, nimeipata tena uzeeni, na wewe ndiye uliye

Auleria mwanangu, huyu sasa ni mimi. Amekimbilia motoni tena, karatasi ameiacha chini na kuku ameikanyaga. Naituma hivi hivi, tukimngoja amalize utaipata Krismasi. Tangu asubuhi mpaka jioni ni nyundo, nyumba nzima inatetemeka, kichwa kinaniuma. Usiache kushona.

Mama yako